Tani Moja: Historia ya Pikapu Iitwayo Hilux

Mwalimu wetu alitutaka tuandike historia ya kitu tunachokiona kila siku. Wenzangu wengi walichagua simu na redio, na mmoja alichagua kanga. Mimi nimechagua pikapu ya Toyota Hilux. Hapa Uganda ni vigumu siku ipite bila kuiona. Asubuhi inapita imebeba matoke, mchana imebeba askari polisi wameketi wakitazama nje, jioni imebeba jeneza na waombolezaji pembeni. Katikati ya hayo yote inapita nyingine, vioo vimefungwa, imembeba mwenyekiti wa wilaya. Jina ni moja lakini gari si moja. Nataka kueleza jinsi jina lilivyobaki na gari likageuka, na ni nani waliolifanya ligeuke, maana wengi wao hawajawahi kukanyaga barabara zetu.

Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwezi wa Machi 1968. Iliundwa katika kiwanda cha Hamura, karibu na Tokyo, na kampuni ya malori iitwayo Hino, ambayo muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imeingia katika ushirika na Toyota. Jina lake limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza, moja lenye maana ya juu na jingine la anasa. Ukiitazama picha yake leo utajiuliza hiyo anasa iko wapi. Ilikuwa na kebini moja, kiti kimoja kirefu cha watu watatu, mkono wa gia uliowekwa kwenye shingo ya usukani, na injini ya petroli ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 77. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa kilomita 130 kwa saa. Urefu wake ulikuwa mita 4 na ushei, na ilibeba tani moja.

Naomba msomaji aikumbuke hiyo tani moja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Hilux ya kizazi kilichotoka mwaka 2015 ina urefu wa mita 5.3. Injini yake ya dizeli ya lita 2.8, baada ya kuboreshwa mwaka 2020, ina nguvu za farasi 204. Yaani gari limerefuka kwa karibu mita nzima, na nguvu zake zimezidi mara mbili na nusu. Lakini mzigo ambao kiwanda kinaruhusu bado ni takriban tani moja, na dabo kebini nyingine hazifiki hata hapo. Basi urefu wote huo na nguvu zote hizo zimekwenda wapi? Zimekwenda mbele, kwa wanaokaa ndani.

Tusidhani kwamba mwaka 1968 Wajapani walitengeneza punda, halafu baadaye wakaharibikiwa na kutengeneza farasi wa maonyesho. Mambo mawili yalikuwamo tangu mwanzo. Nyuma, gari la kwanza lilikuwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama lori. Mbele, kila gurudumu lilikuwa na koili yake, kama gari dogo la kutembelea. Lilikusudiwa mtu mwenye duka au karakana, apeleke bidhaa bila kuvunjika mgongo. Hiyo ndiyo iliyoitwa anasa. Swali la historia yake yote ni upande upi ungeshinda, na jibu lilianza kutolewa Marekani.

Huko Marekani kuna kisa cha kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wafugaji wa Marekani waliuza kuku wengi sana Ulaya kwa bei ya chini, na Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikawatoza kuku hao ushuru mkubwa ili kuwalinda wafugaji wao. Mwezi wa Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alijibu kwa kutangaza ushuru wa asilimia 25 juu ya vitu vichache kutoka nje: brandi, wanga wa viazi, dekstrini na malori madogo. Mlengwa katika malori alikuwa Volkswagen wa Ujerumani. Vile vitu vingine vilikuja kusamehewa. Ushuru wa malori ulibaki, na ukawaangukia Wajapani ambao hawakuwa wamemkatalia kuku wa mtu.

Toyota walitafuta njia. Lori lililoingia bila bodi ya nyuma, yaani kebini na chesisi peke yake, halikuhesabiwa kuwa lori kamili, na ushuru wake ulikuwa mdogo sana. Kwa hiyo Hilux zilivuka bahari zikiwa nusu, na kuanzia 1972 bodi zake zilitengenezwa Long Beach, California, zikafungwa hukohuko. Mwaka 1980 serikali ya Marekani iliuziba mwanya huo. Kufikia wakati huo hata jina la Hilux lilikuwa limeachwa huko, gari likiitwa lori la Toyota tu. Kuanzia 1991 magari hayo yalijengwa Fremont, California, na mwaka 1995 Marekani ikapata pikapu yake yenyewe, Tacoma. Tangu hapo ndugu hao wawili hawajakutana tena.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu wanafunzi huambiwa kwamba magari hubadilika kwa ajili ya sayansi. Sayansi ipo, lakini hapa naona kuku.

Wamarekani walifanya jambo jingine pia. Wengi wao hawakununua pikapu ndogo kwa ajili ya mizigo. Vijana wa California walibebea mbao za kuteleza baharini, wakaenda jangwani na milimani kujifurahisha. Mnunuzi wa namna hiyo hana haja ya tani ya pili, anataka kiti kizuri na gari lisilorusharusha. Kizazi cha pili cha mwaka 1972 kilikuwa bado gari la kazi, na sina mengi ya kukieleza. Cha tatu, cha mwaka 1978, ndicho kilichofungua milango. Hapo ndipo zilipoingia Hilux zinazovuta kwa magurudumu yote manne, mwaka 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja dabo kebini yenye milango minne. Mwaka 1984 Toyota walikwenda mbali zaidi, wakafunika sehemu ya mizigo na kuweka viti ndani yake. Gari hilo likaitwa 4Runner. Mzigo ulikuwa umeshushwa na watu wamepanda mahali pake.

Sasa nifike kwenye ekseli, na hapa lazima nimtaje mjomba wangu.

Mjomba hununua matoke upande wa Masaka na kuyapeleka Kampala, kilomita 130 hivi. Pikapu yake ni ya miaka ya 1990, ile ambayo mafundi huitambua kwa namba za LN106, yenye dizeli ya lita 2.8 isiyo na taa hata moja ya kompyuta. Magurudumu yake ya mbele yameunganishwa na ekseli moja nzima, kama ng'ombe wawili walio katika nira. Gurudumu la kulia likipanda jiwe, la kushoto linavutwa nalo, na dereva anatikiswa kichwa. Ni shida kwa anayekaa ndani, lakini chini ya gari vitu vya kuchakaa ni vichache. Springi ikikatika, mafundi wa Katwe wanatoa ubapa uliovunjika na kutia mwingine mchana huohuo. Mjomba hupakia mikungu 60 hivi. Ukichukua mkungu mmoja kuwa kilo 25, utaona kwamba ile tani moja ya Wajapani ilipitwa tangu kijijini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ekseli hiyo ilikuwa imeondolewa kwenye magari ya Marekani tangu mwaka 1985. Huko kila gurudumu la mbele lilipewa uhuru wake, likashikiliwa na fito za chuma zinazojipinda, na gari likawa laini. Lakini Afrika na Australia ziliendelea kupata Hilux zenye ekseli nzima hadi mwaka 1997. Kwa miaka 12 kampuni moja ilitoa majibu mawili kwa swali moja, kulingana na nani aliyeuliza. Kwa maoni yangu miaka hiyo 12 ndiyo bora kuliko yote katika historia ya gari hili, kwa sababu mkulima na mtembezi kila mmoja alisikilizwa kivyake.

Sifa ya ugumu wa Hilux nayo ilitoka katika miaka hiyo. Mwaka 1987 jeshi la Chad lilipigana na majeshi ya Libya kaskazini mwa nchi yao. Libya walikuwa na vifaru na ndege. Wachad walikuwa na pikapu za Toyota, Hilux na Land Cruiser, zilizofungwa bunduki na makombora ya kuvunjia vifaru kutoka Ufaransa. Pikapu hizo zilikimbia jangwani upesi kuliko mzinga wa kifaru unavyogeuka. Walishinda Fada mwezi wa Januari na Ouadi Doum mwezi wa Machi, na vita hivyo vikaitwa Vita vya Toyota. Sisi Waganda tunalo la kukumbuka hapo, kwani Gaddafi huyohuyo alituma askari wake mwaka 1979 kumsaidia Idi Amin. Huko Uingereza mwaka 2003 kipindi kimoja cha televisheni kilichukua Hilux ya mwaka 1988, kikaizamisha baharini, kikaichoma moto na kuipandisha juu ya jengo refu lililobomolewa kwa baruti. Fundi aliiwasha tena bila kipuri kipya. Watazamaji walishangilia. Mimi niliitazama nikiwaza kwamba kule ni mchezo, na huku kuzamishwa majini ni msimu wa mvua.

Kwa watu wa Afrika Mashariki pikapu haikuwa ya mizigo tu hata siku moja. Matatu za kwanza za Kenya nyingi zilikuwa pikapu zilizojengewa vibanda vya mabati nyuma. Dar es Salaam katika miaka ya 1980 watu walipanda magari yaliyoitwa chai maharage, wakiketi kwenye mabenchi wanatazamana. Unguja hadi leo kuna daladala za wazi pembeni, zenye paa la mbao. Hilux na ndugu zake walifaa kwa kazi hii kwa sababu moja rahisi. Nyuma palikuwa kiwanja kitupu, na mwenye gari alijenga anachotaka: benchi, tangi la maziwa, zizi la mbuzi, duka.

Dabo kebini ilichukua nusu ya kiwanja hicho. Sisemi kwamba haina faida. Familia inakaa, mvua haiwafikii. Afisa wa kilimo anaweza kwenda na wenzake wanne na bado akabeba miche. Lakini sehemu ya mizigo iliyobaki haimtoshi mtu wa matoke, na taratibu dabo kebini imekuwa alama ya cheo. Ikiingia kijijini ikiwa na namba za serikali, watoto hukimbia kutazama na wazee hukaa vizuri kwenye viti. Wanajua kwamba aliyemo amekuja kusema. Pikapu ya mjomba ikiingia, wanajua amekuja kununua.

Mwaka 2004 ndio mwaka ninaoona kuwa mkubwa kuliko yote, ingawa vitabu vya magari huupita haraka. Toyota walileta kizazi cha saba, na safari hii hakikutengenezwa kwa ajili ya Japani. Kilijengwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina, kwa chesisi iliyopangwa kutumika pia kwa gari la kifahari la Fortuner na gari la familia la Innova. Kwa mtu anayependa nchi maskini zipate viwanda, hiyo ni habari njema. Pikapu ya dunia sasa ilitoka Kusini. Injini za dizeli nazo zilibadilika. Pampu ya zamani ilisukuma mafuta kwa nguvu ya chuma tupu, lakini hizi mpya zinahifadhi mafuta kwenye bomba lenye shinikizo kubwa mno, na kompyuta ndiyo inayoamuru nozeli zifunguke lini. Matokeo yake ni nguvu zaidi, moshi mchache na mafuta yanayokwenda mbali. Masharti yake ni dizeli safi, na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta. Mahali ambapo dizeli inauzwa katika madumu, sharti la kwanza pekee ni gumu.

Lakini kuna jambo la 2004 lililomgusa mtu kama mjomba kuliko nozeli. Toyota waliacha kuuza Hilux nchini Japani. Waliirudisha mwaka 2017, na ilipokuja ilikuwa dabo kebini peke yake. Tukumbuke kwamba magari mengi ya watu wa kawaida hapa Uganda hayatoki dukani yakiwa mapya. Yanatoka Japani yakiwa yametumika, usukani upande wa kulia kama wetu, yanashushwa Mombasa na kuvuka mpaka Malaba. Kama Mjapani hanunui singo kebini leo, basi mjukuu wa mkulima wa Masaka hatainunua kesho, kwani hakuna wa kumwachia.

Upande wa pili wa mlango ulifungwa na sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza kuingiza lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Piga hesabu. Mwaka 2018 sheria iliyaacha nje magari ya 2003 kurudi nyuma, na kila mwaka uliofuata mstari ulisogea mbele. Mwaka uliofuata ulimkuta 2004, ambao ndio mwaka Hilux za Kijapani zilipokoma. Zilizobaki kupatikana ni za Thailand na kwingineko, na nyingi kati ya hizo ni dabo kebini zenye bei ya dabo kebini.

Sheria hiyo ina sababu zake na sitaki kuwa mwanafunzi anayelaumu kila sheria. Gari kuukuu linatoa moshi mweusi na breki zake si za kutegemewa. Ndani ya pikapu ya mjomba hakuna mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, na mkanda wa abiria niliukuta umefungwa kwenye mlango ili usifunguke. Hilux mpya ina vitu ambavyo vingeokoa maisha ya watu wengi kwenye barabara ya Masaka. Ninachosema ni kwamba usalama huo umekuja ukiwa umefungwa pamoja na viti vya ngozi na skrini, na hauuzwi peke yake. Anayeweza kununua vyote anakuwa salama. Asiyeweza anaendelea na mkanda wa mlangoni.

Mjomba mwenyewe halioni jambo hili kwa huzuni niliyonayo mimi. Nilipomweleza kuhusu ushuru wa kuku alicheka sana, akasema, "Mwanangu, kumbe hata huko wanagombania kuku!" Kisha akaniuliza kama nimeandika pia bei ya matairi.

Toyota wenyewe wanaonekana kuwa waligundua kwamba kuna mnunuzi waliyemwacha nyuma. Mwezi wa Novemba 2023 huko Thailand walizindua gari waliloliita Hilux Champ, bei ikianzia baht 459,000. Lina kebini moja. Nyuma pana sakafu bapa yenye matundu ya nati yaliyotobolewa tangu kiwandani, ili mwenye gari au fundi wake afunge anachotaka: kibanda cha chakula, tangi, uzio wa mifugo, gari la wagonjwa. Kile kiwanja kitupu kimerudi, na safari hii kimechorwa na wahandisi. Kazi ambayo mafundi wa Katwe, Gikomba na Unguja waliifanya kwa mashine ya kuchomelea na mbao kwa miaka 50 sasa imo katika michoro ya kiwanda.

Nilimwonyesha mjomba picha yake kwenye simu yangu. Aliikuza kwa vidole akatazama ile sakafu kwa muda mrefu, akayahesabu matundu, akasema ni kazi safi. Akauliza kama mbele ina ekseli nzima. Nikamwambia haina, kila gurudumu liko peke yake. Akanirudishia simu, akaenda kufunga kamba, kwani mikungu ilikuwa imeshapakiwa.